Bi Pazia na Sebule ya Refa

Watu wa mtaa ule walimwita Bi Pazia, na jina hilo hakulitafuta, lilimfuata lenyewe. Alianza na cherehani moja kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, akishona mapazia ya majirani. Ila alikuwa na ugonjwa wake. Akipeleka pazia kwa mtu, hawezi kulitundika akaenda zake. Atasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, kichwa kimelala upande kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Halafu atasema, "Samahani dada, hili kabati likisogea pale, huu mlango utapata kupumua." Kabati litasogezwa, mlango utapumua, na mwenye nyumba atabaki kujiuliza ilikuwaje miaka yote hiyo alikuwa akiingia chumbani mwake ubavu ubavu kama kaa.

Habari zikatembea. Watu wakaacha kumwita kwa ajili ya pazia, wakawa wanamwita kwa ajili ya chumba kizima: ukuta upakwe rangi gani, makochi yakae wapi, taa ining'inie usawa gani. Akasoma kozi ya jioni ya upambaji wa nyumba, akapata cheti, akapata na fundi wake wa rangi. Fundi huyo walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alipaka ukuta huku akiusimulia habari za mji mzima, na kama hakuna habari mpya aliuimbia. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi na kona zake zilinyooka kama zimekatwa kwa wembe, kwa hiyo Bi Pazia alimwacha aseme.

Kazi ilikuwepo, basi. Tatizo lilikuwa jingine: Bi Pazia hakujua kumkatalia mtu. Mteja akimwambia njoo, anakwenda. Akimwambia badilisha, anabadilisha. Akipigiwa simu wakati wa kula anaacha kijiko, akipigiwa amelala anakaa kitandani akijifanya sauti ya mtu aliye macho. Na ugonjwa huu alikuwa ameurithi kwa mama yake mzazi, ambaye aliishi naye na ambaye, ole wake binti, alipenda sana kupokea simu.

"Ndiyo mwanangu!" mama alikuwa akisema kwa sauti ya kumkaribisha mtu mezani, hata kama aliyepiga hamjui. "Yupo, yupo. Atakuja. Kwani lini? Hata sasa hivi atakuja, anamalizia kuoga tu."

Bi Pazia alitoka bafuni akakuta ameshapangiwa safari.

Mume wake alikuwa kinyozi, mtu mpole mwenye kiti kimoja na kioo kirefu pale njia panda. Hakuwa mtu wa kugomba. Siku moja tu, mkewe akiwa anaongea na simu huku amejifunika shuka gubigubi ili asimwamshe, alisema gizani, "Mimi nikimaliza kunyoa kichwa, mwenyewe anaondoka nacho. Wewe vichwa vya wateja wako unakuja kulala navyo."

Walicheka wote wawili. Lakini Bi Pazia alilala kwa kuchelewa, akiwaza kwamba nyumba za watu zote alizopita zilikuwa zinang'aa, na ya kwake ilikuwa na kochi lililoegeshwa kwenye matofali.

Ndipo wakaja Refa na Mama Keki.

Refa alikuwa mzee aliyestaafu, ambaye enzi zake alichezesha mechi za mpira wilaya nzima. Watu walikuwa bado wanahadithia jinsi alivyowatoa nje manahodha wa pande zote mbili kwa mkupuo mmoja, akaendelea na mchezo kama hakuna kilichotokea. Mkewe, Mama Keki, alioka keki jikoni kwake na kuziuza kwenye kidirisha kilichotazama barabara. Watoto wao watatu walishakuwa watu wazima, kila mmoja na kwake. Sasa wazee walitaka sebule yao ifanywe upya.

Siku ya kwanza mambo yalikuwa maziwa na asali. Refa alisema, "Mimi chochote anachotaka mwenzangu." Mama Keki akasema, "Na mimi chochote anachopenda mume wangu." Bi Pazia akatoka pale akiruka ruka. Hakujua kwamba wateja wanaokubaliana haraka hivyo ni wa kuwaogopa. Akachagua kijani nyepesi, kama nyama ya tango, na Kasuku akaanza kazi.

Ukuta haujakauka vizuri, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Refa, lakini ya chini na yenye mwangwi.

"Mzee, mbona kama uko kisimani?"

"Niko chooni. Sikiliza. Hiyo kijani mimi siitaki. Nataka kahawia. Kahawia ya maana, yenye heshima. Lakini usimwambie mke wangu kwamba nimesema mimi. Sema umeona mwenyewe."

"Haya mzee," akajibu Bi Pazia. "Nitaona mwenyewe."

Akaona mwenyewe. Kijani ikafunikwa na kahawia. Hazijapita siku nyingi, Mama Keki naye akapiga, nyuma yake mashine ya kukorogea unga inanguruma.

"Mwanangu, hiyo kahawia inanifanya nijione nimekaa ndani ya chungu. Mimi roho yangu iko kwenye buluu. Ila Refa asijue, tafadhali, atasema namgeuka. Mwambie mwanga wa chumba ndio unaodai buluu."

Mwanga ukadai buluu. Kisha Refa akataka makochi ya ngozi, Mama Keki akataka ya kitambaa cha maua. Mmoja akataka zulia litoke, mwingine akataka liongezwe jingine. Kila mmoja alinong'ona, na kila mmoja alimaliza kwa neno lile lile: usimwambie mwenzangu. Bi Pazia akawa anabeba siri za huku na uongo wa kule, mpaka ikafika mahali akawa anasahau alimdanganya nani kuhusu nini. Rangi zilizoongezeka alizinunua mwenyewe, kwa sababu angemwambia nani azilipe, na kwa sababu gani?

Kasuku, akiwa juu ya ngazi na rola mkononi, aliutazama ukuta kwa huruma.

"Bosi, huu ukuta sasa una nguo nyingi kuliko mimi. Tukienda hivi sebule itajaa rangi, watu wataingia kwa zamu."

"Paka, Kasuku."

"Napaka. Nasema tu kwamba mimi na huu ukuta tumechoka."

Jioni hiyo alimweleza mumewe yote. Kinyozi alimsikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu. "Hao hawapambi sebule," akasema. "Hao wanacheza mechi. Na wewe ndiye mpira."

Ikafika Jumapili, siku ambayo kinyozi humwosha mkewe nywele. Ilikuwa starehe yao tangu walipooana. Alimkalisha uani kwenye kigoda, kichwa kimeinamia beseni, akamsugua taratibu kwa vidole vyake vya kazi huku akimsimulia vituko vya kinyozini. Povu lilikuwa limeshapanda mpaka masikioni pale mlango wa mbele ulipobishwa hodi.

Mama akaenda kufungua. Alikuwa Mama Keki, amebeba boksi la keki, ameangaza macho nyuma kama mtu anayedaiwa. "Niko njiani tu, shoga yangu, nina neno dogo na binti." Mama akamkaribisha sebuleni, akamweka kwenye kochi la matofali, akamwambia akae upande wa kulia kwa usalama wake.

Hajageuka, akaona dirishani kofia inapita. Kofia aliijua. Refa alikuwa anazunguka nyumba kuelekea mlango wa jikoni, kwapani ameficha kipande cha kitambaa cha kahawia. Kwa vile mama ndiye aliyekuwa akipokea simu, siri zote alikuwa nazo yeye. Akatoka mbio kwa kadiri ya magoti yake, akamdaka mzee mlangoni, akamkalisha jikoni kwenye stuli, akaurudisha mlango kwa kidole kimoja. Akawapelekea chai. Kikombe huku, kikombe kule, tabasamu huku, tabasamu kule. Kisha akaja uani anahema, uso umemeremeta.

"Mwanangu, nimewapanga," akanong'ona. "Mmoja sebuleni, mmoja jikoni. Nikuletee nani kwanza?"

Bi Pazia akainua kichwa, povu likamwingia jichoni. "Mama, kina nani?"

Kabla mama hajajibu, jikoni ikapigwa chafya. Haikuwa chafya ya kawaida. Ilikuwa chafya ya mtu aliyepuliza filimbi miaka mingi, yenye mwanzo, katikati na mwisho, na vikombe vikalia kwenye kabati.

Kutoka sebuleni ikasikika sauti ya mwanamke, polepole: "Hiyo chafya naijua."

Walikutana kwenye korido. Bi Pazia alipofika, taulo begani na povu linamchuruzika shingoni, mtu na mkewe walikuwa wametazamana kama majogoo.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nilikuwa napita. Na wewe?"

"Na mimi nilikuwa napita."

"Unapita na keki?"

"Na wewe hicho kitambaa unakipeleka kwa fundi nguo? Siku hizi unavaa makochi?"

Bi Pazia alitaka kuomba radhi. Ndicho alichokuwa akifanya siku zote. Alifungua mdomo, na badala ya radhi kikatoka kicheko. Kilianza kidogo, kikampanda kutoka tumboni, kikamshinda. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kinyozi nyuma yake akaanza naye, mikono yote povu. Wale wazee wakabaki wameduwaa.

"Mwanangu!" mama akamkemea. "Wageni hao!"

"Hapana, mama," Bi Pazia akasema akijifuta macho, na sauti ilikuwa bado na kicheko ndani yake, ila ilikuwa imesimama. "Mgeni ni yule aliyekuja kutuona sisi. Hawa ni wateja wangu, na nawaheshimu kama wazazi. Mzee, mama yangu, kosa ni langu, nilikubali kunong'onezwa. Leo ndiyo mwisho. Leo ni Jumapili na nina povu kichwani. Kesho asubuhi nitakuja kwenu, nataka niwakute wote wawili mmekaa. Kuanzia sasa, neno atakaloniambia mmoja bila mwenzake kuwepo, mimi sijalisikia."

Alijua sasa watamtukana, watamfukuza kazi, watamtangaza mji mzima. Refa alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Sahihi," akasema. "Ningekuwa mimi ningeshatoa kadi zamani."

"Ungejipa mwenyewe," akasema Mama Keki, akamshika mumewe mkono wakaondoka. Walipofika barabarani akarudi peke yake, akaliacha lile boksi mlangoni. "Mwanzo ilikuwa rushwa," akasema. "Sasa ni keki tu. Kuleni."

Kesho yake Bi Pazia alifika na kitabu cha sampuli za rangi, na Kasuku nyuma yake akiwa ameahidi kwa kiapo kwamba leo atanyamaza. Wazee walikuwa wamekaa kila mmoja kwenye ncha yake ya kochi, wamevaa kama wanaokwenda kupiga picha ya pasipoti.

Hakufungua kitabu. Alifanya kile alichokuwa akifanya tangu enzi za cherehani: alisimama katikati ya chumba, akalaza kichwa. Kisha akauliza, "Jana jioni mlikaa wapi?"

"Mimi nilikuwa jikoni," akasema Mama Keki. "Nakaa jikoni siku zote."

"Mimi uani," akasema Refa. "Na redio yangu."

"Na hapa sebuleni alikaa nani?"

Wakatazamana.

"Hapa ni kwa ajili ya wageni," akasema Mama Keki.

"Wageni gani, mama?"

"Si hao watoto wetu, wakija."

"Watoto wakija wanakaa jikoni wanakwangua mabakuli ya keki," akasema Refa. "Mimi ndiyo nabaki uani nawasikia wanacheka."

"Si uje!"

"Nikija unasema nakukanyagia unga."

"Unakanyaga kweli!"

Hapo ndipo Bi Pazia alipoelewa kwa nini ukuta ule ulikuwa haukubali rangi yoyote. Watu hawa walikuwa wanagombania chumba ambacho hakuna anayekitumia. Akauendea ukuta uliotenganisha sebule na jikoni, akaugonga kwa vifundo vya vidole. Ulikuwa mwembamba, haukubeba uzito wa paa.

"Hapa," akasema, "tukifungua dirisha pana, la usawa wa kifua, na ubao mpana chini yake, mama ataoka huku anaona sebuleni. Mzee atakaa upande huu na redio yake, hatagusa unga hata chembe. Na keki ikitoka, itapita hapa."

"Bakuli la kukwangua nalo litapita?" Refa akauliza haraka.

Mama Keki akacheka. Alikuwa na kicheko cha msichana, na Bi Pazia, aliyekuwa ameingia nyumba ile mara nyingi, alikuwa hajawahi kukisikia.

Kuhusu rangi, alikataa katakata kuchagua. Aliwatandikia sampuli mezani, akawaambia, "Nyumba ni yenu. Mkikubaliana niiteni," akatoka kukaa kwenye ngazi za mlangoni na Kasuku. Huko ndani kulikuwa na kelele. Kukawa kimya. Kukawa na kelele tena.

"Bosi, niseme?" Kasuku akanong'ona, amejishika mdomo.

"Usiseme."

"Nasema tu kwamba sisemi."

Mwishowe mlango ukafunguliwa, wakatoka wote wawili wameshika kipande kimoja cha karatasi. Haikuwa kahawia wala buluu. Ilikuwa manjano kali ya kiini cha yai la kuchemsha, rangi ambayo Bi Pazia asingempakia adui yake. Akauliza, "Mna hakika?"

"Tuna hakika," wakasema kwa pamoja, na walionekana kushangaa wenyewe kulisema neno kwa pamoja.

Basi akaweka mambo bayana, kabla ya brashi kugusa ukuta. "Gharama ya rangi zilizopita tutagawana," akawaambia, "kwa sababu wote tulicheza mchezo ule. Kuanzia sasa mpango wa kazi ni huu hapa, dirisha na rangi hii, wote mmeukubali; atakayetaka kubadilisha baada ya leo, wote wawili waje, na mabadiliko yatalipiwa. Simu napokea mchana, siku za kazi. Jumapili sipo."

Alitegemea ubishi. Refa akaomba kalamu. "Sheria zako nzuri lakini hazina meno," akasema, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyerudishiwa uwanja wake. "Hii ya mabadiliko, iweke mwanzo kabisa. Na uwe unawaambia watu kabla mchezo haujaanza. Ukisubiri mpaka wamekukosea, wataona unawaonea."

Walikaa pale kama mwalimu na mwanafunzi, wakizipanga moja moja, Mama Keki akiwapitishia vipande vya keki kupitia mlangoni kwa vile dirisha lilikuwa bado halijatobolewa.

Sebule iliisha vizuri. Jua la alasiri lilipoupiga ule ukuta wa manjano, chumba kizima kikawaka kama uso wa mtu anayecheka, na Bi Pazia akakiri moyoni kwamba macho yake yalikuwa yamekosea. Watoto walipokuja, walikuta baba yao ameegemea ubao wa dirisha, anasoma matokeo ya mpira kwa sauti, na mama yao upande wa pili anambishia.

Lakini kumkatalia mtu mara moja ukiwa na povu kichwani ni jambo moja. Kulizoea ni jingine. Haukupita muda akaja bwana mmoja mwenye maduka ya viatu, mwenye nyumba kubwa na simu mbili. Alitaka nyumba yote ipambwe. Bi Pazia akampa sheria zake, yule bwana akacheka. "Mimi nikitaka mtu, nampata muda wowote. Ndiyo maana nalipa."

Zamani angekubali hata kabla sentensi haijaisha. Akapiga moyo konde. "Basi mimi siye mtu wako, kaka. Nakutakia nyumba nzuri." Akakata simu.

Kinyozi, aliyekuwa ananoa mkasi wake mezani, akatazama juu. "Umemkatalia mtu."

"Nimemkatalia."

"Na dari haijatuangukia." Akaendelea kunoa.

Yule bwana hakurudi. Alimpata mpambaji mwingine, mwenzake Bi Pazia waliyesoma naye kozi. Baadaye walikutana sokoni kwenye vitambaa, mwenzake macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, akamshika mkono akamvuta pembeni. "Hebu niambie ukweli. Wewe ulimwepukaje?" Bi Pazia alimnunulia soda, wakakaa, akamweleza yote kwa mapana na marefu.

Aliyebaki alikuwa mama. Huyo ndiye aliyekuwa mgumu, kwa sababu hakuwa mteja, na simu alikuwa haiachii. Jioni moja Bi Pazia alikaa naye kitandani kwake.

"Mama, kwa nini unawakubalia watu wote?"

Mama akazungusha simu mkononi. "Nikimkatalia mtu, mwanangu, naona kama nimemfungia mlango na mvua inanyesha."

Bi Pazia alijua ndivyo ilivyo na kwake. Akafikiri. "Basi tusimkatalie," akasema. "Tumwambie ni lini. Ukimwambia njoo kesho saa tatu, umemfungulia mlango. Umemwambia tu saa ya kuingia."

Mama akalitafuna neno hilo. Akalipenda. Na alipolipenda, ikawa balaa. Kuanzia siku ile sauti ilikuwa ile ile ya kumkaribisha mtu mezani, ila ndani yake kulikuwa na chuma: "Ndiyo mwanangu! Atakuja, atakuja. Jumatano, saa nne. Hapana, leo anapumzika. Wewe hupumziki? Pole sana." Wateja wakamzoea, wakampenda. Wengine walipiga simu ili tu awaulize hali. Aliwapanga kwenye kalenda ya ukutani kama nesi wa zamu, na hakuwa na upendeleo: kinyozi alipopiga mchana kumwuliza mkewe anunue samaki au nyama, aliulizwa kama ana miadi.

Ajabu ni kwamba kazi haikupungua. Iliongezeka. Mtu akishajua kwamba atapata siku yake na katika siku hiyo Bi Pazia atakuwa wake mzima mzima, hana haja ya kupiga simu usiku wa manane. Bi Pazia naye alijua kila kazi inaishia wapi, kwa hiyo alijua bei yake, na faida ikaanza kubaki mahali pake badala ya kuyeyukia kwenye ndoo za rangi za bure. Akakodi chumba cha kazi chenye madirisha makubwa. Akaajiri washonaji wawili. Kasuku akapewa mshahara wa mwezi, akazungumza siku nzima bila kuvuta pumzi. Na katika kalenda ya mama, wiki moja, pakaandikwa jina la mteja mpya kabisa: yeye mwenyewe na mumewe. Waliketi wote wawili mezani wakachagua kochi, wakabishana, wakakubaliana, na kinyozi alitaka rangi ya mto ibadilishwe, akaambiwa atalipia.

Mwaka huo huo daktari wa meno mmoja, kijana mwenye miwani minene, akamwita apambe kliniki yake mpya. Alikuja mlangoni kuwapokea, akicheka. "Nimempigia mama yako, kanipangia siku kama mimi ndiye ninayeumwa jino."

Akawaonyesha chumba. Kuta nyeupe, kabati jeupe, na katikati kile kiti kirefu cha kulalia. Aliwaacha wapime, akaenda kuosha mikono. Aliporudi akakuta mpambaji wake amelala chali kwenye kiti cha wagonjwa, viatu amevua, na fundi rangi amelala chini sakafuni, wote wawili wametazama juu.

"Kuna nini?" daktari akauliza kwa wasiwasi.

"Daktari, hebu njoo ulale," akasema Bi Pazia bila kuinuka. "Umeshawahi kulala hapa?"

"Sijawahi. Mimi husimama."

Ikambidi alale, na miwani yake. Akatazama. Juu kulikuwa na dari nyeupe tupu, na bomba la taa lenye nzi mmoja aliyekauka.

"Loo," akasema daktari.

"Hizo kuta mgonjwa wako hazioni kabisa. Anaona hiki tu, na uso wako."

"Na uso wenyewe una barakoa," Kasuku akaongezea kutoka sakafuni.

Wakaiacha ile dari wiki nzima mikononi mwa Kasuku. Kuta walizipaka rangi ya maziwa bila mbwembwe, lakini dari aliichora miti inayotazamwa kutoka chini, matawi yamekutana, na kwenye matawi akaweka ndege, wengine wazi, wengine wamejificha nyuma ya majani kiasi kwamba unawapata kwa kutafuta. Alikuwa akiongea nao wote.

Siku ya kufungua, mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana mdogo mwenye jino bovu, aliyeletwa na shangazi yake huku akilia tangu barabarani. Bi Pazia na Kasuku walikuwa wamesimama pembeni, wametaka kuona. Msichana alilazwa kwa nguvu kwenye kiti, akafumba mdomo, akafumba na macho. Kisha akafumbua jicho moja. Likabaki wazi. Likafuata la pili, na taratibu mdomo nao ukaachama wenyewe, kama mtu anavyoachama akitazama kitu kilicho juu sana.

Daktari hakupoteza nafasi.

Alipomaliza, jino likiwa kwenye kisahani na pamba shavuni, alimwambia kazi imekwisha, anaweza kushuka. Msichana alikataa kwa kichwa. Akanyoosha kidole juu, akasema kwa taabu kwa sababu ya ile pamba, "Ngoja. Kuna mmoja kajificha, sijamwona uso."

Shangazi akaja, akainama, akatazama juu. Daktari akainama. Kasuku, aliyekuwa anajua alipo ndege huyo, akajishika mdomo kwa mikono miwili asije akasema, na Bi Pazia akamkanyaga mguu, akicheka kimyakimya mpaka machozi yakamtoka.